Barua ya wazi: Kabla kaskazi haijavuma, wapeni wavuvi wa Pemba taarifa za Msumbiji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia uvuvi na uchumi wa buluu Zanzibar. Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa yetu miwili ya Pemba. Na kwa wakuu wa KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo, na Mamlaka ya Usafiri Baharini.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, kaskazi inakaribia. Huku kwetu mashariki ya Wete huu ndio wakati wa vijana kufunga safari. Vyombo vinakalafatiwa na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mashine zinapelekwa kwa fundi, na wake wanaanza kuhesabu mchele na unga wa kuachiwa nyumbani. Wengi wa vijana hao watakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za ugenini, Mafia, Kilwa na Mtwara. Wengine watapita mdomo wa Ruvuma waingie Msumbiji, kama walivyofanya baba zao na babu zao. Naandika kwa ajili ya hao wa mwisho.

Ninachoomba ni hiki: kabla hawajatweka, wapewe taarifa rasmi kwa Kiswahili inayoeleza mahali kwa mahali wapi pana hatari, ni hatari ya aina gani, na taarifa hiyo ni ya tarehe ngapi. Tangazo la kusema tu kwamba Msumbiji si salama halitasaidia. Kila mvuvi hapa anajua kuna vita kule. Anajua pia kwamba mwenzake alikwenda mwaka jana akarudi na pesa ya kuezeka nyumba. Ukimwambia nchi nzima ni hatari anakuona hujui unalolisema, na hata lile la kweli uliloliweka ndani ya onyo lako halisikii tena.

Vita vya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara, vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji huwaita Al-Shabaab, ingawa si kundi lile la Somalia. Tangu hapo zaidi ya watu milioni moja wamewahi kuyakimbia makazi yao katika jimbo hilo na majirani zake. Takwimu hii mnayo, nami naitaja kwa sababu moja tu: vita hivi havijakaa mahali pamoja. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa. Machi 2021 ilishambuliwa Palma, mawasiliano ya simu yakakatika, na watu wakakimbilia baharini kwa chombo chochote walichokipata. Agosti mwaka huo majeshi ya Rwanda na Msumbiji yakaikomboa Mocímboa. Lakini wapiganaji hawakwisha, walisambaa. Mwaka 2022 waliua watu katika wilaya ya Memba, ambayo imo jimbo la Nampula, kusini kabisa ya pale tulipozoea kupaogopa. Mapema mwaka 2024 waliingia Mucojo na kukaa, kisha wakateremka hadi Chiúre, vijiji vikachomwa moto na watu kwa maelfu wakahama. Mei mwaka huohuo wakauvamia mji wa Macomia.

Sasa mfikirieni nahodha ambaye habari ya mwisho iliyomfikia ni ile ya Palma ya mwaka 2021. Ataikwepa Palma kwa uangalifu mkubwa, kisha aende akatie nanga mbele ya Macomia, akiamini amekwisha kuipita hatari.

Hili si la kubuni. Mimi ni mwalimu wa skuli, na jiografia ni miongoni mwa masomo yangu. Nahodha mmoja, mtu mzima aliyeanza kwenda dago kabla sijaanza kusoma, alinijia barazani jioni akaniomba atlasi. Tukaifungua pale palipochorwa Msumbiji. Kutoka Mtwara hadi Maputo pote pameingia katika ukurasa mmoja, na pwani anayoijua yeye jabali kwa jabali ilikuwa mstari usiofika urefu wa kidole chake. Akauweka ukucha wake, uliopasuka kwa kamba za jarife, juu ya mstari ule, akaniuliza: "Maalim, hii Macomia wanayoisema redioni, iko pwani au iko bara?" Nikamwambia mji wenyewe uko bara, lakini wilaya inafika baharini, na Mucojo imo ndani yake. Akanyamaza kidogo. "Mucojo naijua," akasema. "Tumelala pale." Kisha akaniuliza kama Ibo nayo imo, kama Quissanga imo, na kama wanaojificha msituni wanateremka ufukweni usiku au mchana. Atlasi ya skuli haina majibu hayo, na mimi sina.

Waheshimiwa, majibu hayo nyinyi mnayo, au mnaweza kuyapata kwa siku moja. Tanzania ilikuwamo katika kikosi cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kilichoingia Cabo Delgado mwaka 2021 na kuondoka mwaka 2024. Askari wetu wamelinda kule, na baadhi yao wamerudi katika majeneza. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kwa hiyo ndani ya ardhi yetu wenyewe serikali imelazimika kufuatilia nani yuko wapi ng'ambo ya mto. Haiwezekani elimu yote hiyo isiwe na sehemu hata ndogo ya kumwambia mvuvi.

Nchi nyengine zinafanya hivyo kwa watu wao. Uingereza huichora Msumbiji kwa rangi, na ikifika Cabo Delgado hutaja wilaya kwa majina yake. Haikuishia hapo. Imewaonya raia wake hata juu ya upande wetu, kilomita 20 kutoka mpaka wetu na jimbo hilo. Marekani nayo huzipanga nchi kwa ngazi, ya kwanza hadi ya nne, kisha ndani ya nchi hutaja majimbo ambayo hatari yake imezidi. Sisi Wazanzibari tunaujua uzito wa maonyo hayo kwa sababu tunaishi kwa utalii. Likitolewa neno juu yetu, siku hiyohiyo hoteli zinapiga simu na viongozi wanatoa ufafanuzi. Kwa hiyo hakuna ofisi inayoweza kuniambia kwamba kazi hii haieleweki. Mtalii wa Manchester anayekwenda kuzamia Msumbiji anajua wilaya ipi asiikanyage. Kijana wa Kojani, anayekwenda kulala ufukweni huko miezi mitatu, hajui, na wala hakisomi Kiingereza kile kilichoandikiwa mwengine.

Tena hatari ya mvuvi si ile ya mtalii. Mtalii anaogopa barabara, na ni kweli barabara ya N380 inayopita Macomia kuelekea Mocímboa da Praia imeshambuliwa mara nyingi, hata jeshi likawa linasindikiza magari kwa misafara. Huyu wetu hapiti huko. Yeye ana chombo, ana mafuta ya petroli, ana mchele, ana simu na ana mashine. Kila kimoja katika hivyo ni kitu ambacho mpiganaji aliyejificha pwani anakitaka. Na akinusurika na mpiganaji, mbele yake kuna askari wa doria ambaye hamjui. Anaona boti isiyo ya hapo, ndani yake vijana wanaozungumza Kiswahili cha Tanzania, wengine na kofia zao za viua, hawajui Kireno hata neno. Mnakumbuka kwamba mwaka 2018, katika mji wa Pemba ule wa Msumbiji, ilifunguliwa kesi ya washitakiwa zaidi ya 180 walioshukiwa kushiriki mashambulizi, na Watanzania walikuwamo. Wengi wa washitakiwa waliachiwa huru baadaye, lakini mtu alikwisha kukaa ndani miezi mingi. Na kabla hata vita havijaanza, mapema mwaka 2017, Watanzania waliokuwa wakichimba na kufanya biashara Montepuez walitimuliwa kwa wingi. Kule mtu anaweza kupoteza kila kitu bila ya kusikia mlio wa bunduki.

Ndiyo maana nasisitiza mahali kwa mahali. Mto Ruvuma una habari yake. Pwani ya Palma, ambako kuna mradi mkubwa wa gesi na ulinzi mkali, ina habari nyengine, maana huko tatizo la mvuvi linaweza kuwa ni kusogelea maji yaliyofungwa. Macomia na Quissanga ni habari ya tatu. Mji wa Pemba umekuwa kimbilio la wakimbizi. Na huko mbali kusini, baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024, ghasia zilizuka Maputo, Beira na Nampula, maduka yakaporwa na mipaka ikafungwa kwa vipindi. Wafanyabiashara wetu wanaopita nchi kavu hadi Afrika Kusini walikwama kwa jambo lisilohusiana na Cabo Delgado hata kidogo.

Juu ya yote hayo kuna bahari yenyewe. Msimu wa kaskazi, unaowapeleka kusini, ndio huohuo msimu wa vimbunga katika sehemu ile ya Bahari ya Hindi. Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado Aprili 2019, na Chido kikapiga Disemba 2024. Mvuvi anayeogopa kukimbilia bandari ya karibu kwa sababu hajui iko mikononi mwa nani, huyo kimbunga kitamkuta nje.

Pasipo taarifa, kinachotawala ni uvumi. Kaskazi iliyopita ilizunguka sauti ya WhatsApp, msemaji hakujitaja, akidai kwamba vyombo vya Kipemba "vimekamatwa huko chini". Hakusema wapi, hakusema siku gani. Jioni hiyo ilisikika katika kila baraza. Nilimwona mama mmoja ameiziba sikio moja kwa kiganja, simu ameibana kwenye sikio la pili, anairudia na kuirudia. Hakuwa akisikiliza maneno, alikwisha kuyajua kwa moyo. Alikuwa akisikiliza kelele za nyuma ya msemaji, huenda akaitambua sauti ya mwanawe. Kesho yake alikwenda ofisi moja, akaambiwa hili si la hapa. Akaenda ya pili, akaambiwa aandike barua. Barua niliiandika mimi. Siku kadhaa baadaye mwanawe akapiga simu mwenyewe, yuko Kilwa, hakuwa hata amevuka mpaka. Alhamdulillah. Lakini siku zile mama yule hakula, na hakuna mtu mwenye dhamana aliyeweza kumwambia lolote.

Uvumi huo wa kwetu uliishia kwenye machozi. Wa wenzetu uliua. Aprili 2024, katika pwani ya Nampula, watu wa Lunga walijaa ndani ya chombo cha uvuvi wakikimbilia Kisiwa cha Msumbiji, kwa sababu zilienea habari za uongo juu ya kipindupindu. Chombo kilizama na watu zaidi ya 90 wakafa, wengi wao watoto.

Nafahamu kwa nini jambo hili limekuwa halina mwenyewe. Mambo ya nje ni ya Muungano. Uvuvi wa maji yetu ya Zanzibar ni wa Zanzibar. Mvuvi anapokuwa Tumbe au Kojani ana wizara yake, ana bwana diko wake, msimamizi wa pwani wanakoshusha samaki, ana sheha wake, kiongozi wa serikali wa mtaa. Akivuka Ruvuma anakuwa raia wa Tanzania aliye nje, na ubalozi wake uko Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka pale alipotia nanga. Baina ya wizara hizi mbili hakuna aliyekosa, ila kijana yuko katikati. Nawaomba mkae pamoja. Taarifa itoke Mambo ya Nje, iandikwe upya na watu wa uvuvi wanaojua majina ya pwani, kisha isomwe madikoni na masheha na kubandikwa. Itaje bandari, visiwa na midomo ya mito, maana mvuvi hasafiri kwa wilaya. Iwe na tarehe juu, na ikipitwa na wakati iondolewe. Isomwe na redioni kabla ya utabiri wa hali ya hewa, wakati ambao kila nahodha anasikiliza.

Na iseme pia la kufanya kwa yule ambaye atakwenda tu. Hapa najua baadhi yenu mtaona ugumu. Mtasema serikali haiwezi kumfundisha mtu namna ya kuingia mahali ilipomkataza. Lakini mtu huyu tayari anakwenda, tena mara nyingi na barua ya sheha na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi peke yake mfukoni. Aambiwe achukue pasi au hati ya dharura ya kusafiria, cheti cha chombo na leseni ya kule anakovua, na orodha ya mabaharia yenye majina yanayolingana na vitambulisho. Aambiwe kwamba akisimamishwa na doria asimame, asizime taa akakimbia, kwa kuwa kukimbia ndiko kunakomfanya aonekane mpiganaji. Aambiwe asibebe abiria wala mzigo wa mtu asiyemjua, hata kwa nauli nono. Iwepo namba moja ya simu, Mtwara au hapa Pemba, inayopokelewa usiku na mchana na mtu mwenye daftari.

Daftari hilo ni muhimu kuliko linavyosikika. Sisi tumeshazika kwa mkumbo. Usiku wa Septemba 2011 MV Spice Islander I ilipozama ikija huku Pemba, ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwamo. Kuna nyumba hapa Wete hazijui hadi leo mtu wao alikuwa melini au la. Vyombo vya dago vinaondoka bila ya orodha yoyote. Sheha akiandika jina la chombo, nahodha, mabaharia, wanakokwenda na siku wanayotarajia kurudi, ni ukurasa mmoja wa daftari la skuli. Daftari hizo nitazitoa mimi kama hakuna fungu.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nami nalisema kwa heshima na taadhima. Watu wanaojua zaidi hali ya pwani ile ni wavuvi waliotoka huko wiki iliyopita. Wanajua kisiwa kipi kimehamwa, ufukwe upi una watu wenye silaha, doria ipi inadai pesa. Na wananyamaza. Wananyamaza kwa sababu swali la kwanza wanalolitarajia ni "ulikuwa unafanya nini kule?" Najua vyombo vya ulinzi vinaangalia nini. Watanzania wamo miongoni mwa wapiganaji, vijana wamewahi kushawishiwa, na hakuna mzazi hapa asiyeogopa hilo. Ulinzi ufanye kazi yake. Ila mvuvi aliyerudi na ng'onda zake, na nyavu zake, na mabaharia walewale alioondoka nao, asipokelewe kama mtuhumiwa kwa sababu tu amesema ukweli wa alikotoka. Kila anayenyamaza leo anamwacha mwenzake aende kulala palepale alipokimbia yeye. Mteueni mtu anayeaminika madikoni, asiye na sare, apokee habari hizo bila ya kumwandikia mtu jina, azipeleke kunakohusika, na zirudi kwetu katika taarifa ya mwezi unaofuata. Taarifa ya namna hiyo wavuvi wataiamini, maana watayakuta ndani yake yale waliyoyaona kwa macho yao.

Sijaomba boti mpya wala ruzuku. Sijaomba pia dago lipigwe marufuku. Nimesikia wazo hilo likitajwa, na nawaomba msilifuate. Bahari ya karibu imechoka, karafuu hazizai kila mwaka, na marufuku itawafanya waondoke usiku bila ya hata ile barua ya sheha. Hapo hata idadi yao hatutaijua.

Ijumaa ndiyo siku manahodha wengi huwa nyumbani. Mkimtuma ofisa mmoja tu, aje na ramani kubwa ya pwani kutoka Mtwara hadi Nampula, baada ya sala atawakuta wote. Mimi nitawaita, na skuli tutaomba darasa la kukalia. Aje kabla ya mwisho wa Novemba, kwa sababu upepo ukishageuka hatamkuta mtu.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa skuli,
Wilaya ya Wete, Pemba